Je, wajua mchwa wa kichuguu hula nini hasa?

Katika nyumba za tembe za Ugogo, ambazo paa lake la udongo hubebwa na boriti na fito, uharibifu wa mchwa hutambulika kwa njia ya udongo inayopanda nguzoni na kwa boriti inayotoa sauti ya uvungu ikigongwa. Kwa sababu ya dalili hizo wengi huamini kwamba mchwa hula udongo, au kwamba mti anaoutafuna huishia tumboni mwake ukawa ndio chakula chenyewe.

Njia ile ya udongo ni kinga. Mchwa mfanyakazi ana ngozi laini inayokauka upesi, tena huwindwa na sisimizi, hivyo hujifunika kwa punje za udongo zilizolowanishwa kwa mate kabla ya kuanza kuguguna. Wapo kweli mchwa walao udongo wenye mboji, lakini hao ni jamii nyingine, si wale wa jenasi ya Macrotermes wanaojenga vichuguu virefu.

Dhana ya pili inahitaji maelezo marefu zaidi. Mti mkavu umejaa selulosi, yaani nyuzinyuzi zinazojenga mmea, iliyofungwa ndani ya lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake, na lignini huwashinda karibu wanyama wote. Macrotermes hukabidhi kazi hiyo kwa kuvu iitwayo Termitomyces, ambayo huilima ndani ya kichuguu chenye joto la nyuzi 30 hivi. Kichuguu kikivunjwa kwa jembe, huonekana masega mepesi ya kahawia yenye vinundu vyeupe, vidogo kuliko punje ya uwele. Mwaka 1781 Henry Smeathman, Mwingereza aliyewachunguza mchwa wa Afrika Magharibi, aliyaeleza kuwa ni vyumba vya kulelea watoto. Kumbe ni mashamba.

Wafanyakazi wachanga humeza vipande vya miti na nyasi pamoja na vinundu hivyo, ambavyo hubeba spora, yaani chembe ambazo kuvu huzaliana kwazo kama kwa mbegu. Mchanganyiko hupita tumboni haraka, ukatoka bila kumeng'enywa vya kutosha, nao hupandikwa juu ya sega. Spora zilizosalimika huota, nyuzi za kuvu hutambaa na kuivunja lignini, na baada ya wiki kadhaa tabaka hilo huwa laini na lenye lishe, likaliwa na wafanyakazi wakubwa. Sega ni kama gunia la mtama linalojazwa kwa juu huku likichotwa kwa tundu la chini, isipokuwa kwamba hapa nafaka huiva ikiwa njiani kushuka. Mgawanyo wa kazi kati ya kuvu na vimeng'enya vya mchwa wenyewe hutofautiana baina ya spishi, kwa hiyo haifai kusema kuvu hufanya yote. Lakini mchwa wakiondolewa, kuvu ngeni ya jenasi ya Xylaria hulifunika sega kwa muda mfupi.

Ushirika huu ulianza Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita. Mvua za Dodoma zinapokuja, kumbikumbi huruka kwenda kuanzisha makazi mapya, na katika spishi nyingi huondoka bila kuvu yoyote: wafanyakazi wao wa kwanza ndio hutoka kuzitafuta spora za uyoga wa kuvu hiyo uliochomoza juu ya vichuguu vya wengine. Katika spishi ya Macrotermes bellicosus, mfalme hubeba spora tumboni mwake tangu siku ya kuruka. Katika jenasi ya Microtermes, mzigo huo ni wa malkia.