Je, wajua kwa nini wahakiki wa televisheni huandika juu ya kila sehemu ya tamthilia?

Tamthilia kubwa ikirushwa usiku, asubuhi yake intaneti huwa na uhakiki mrefu wa sehemu hiyo moja tu, unaochambua mazungumzo, ukimya na hata mavazi ya wahusika. Jambo hili limezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa lilikuwapo tangu zamani. Kumbe ni la juzi tu, na halikuanzia magazetini.

Katika enzi ya magazeti, mhakiki aliandika hasa kabla tamthilia haijaanza: kituo kilimtumia kaseti ya video kwa posta, naye akawaeleza wasomaji kama inafaa kutazamwa au la. Akiandika baada ya kurushwa, alizungumzia kitu kilichokwisha kupita, ambacho aliyekikosa asingekiona tena kwa urahisi. Ndiyo maana Clive James, aliyehakiki televisheni katika gazeti la The Observer la Uingereza kuanzia 1972 hadi 1982, aliijenga safu yake juu ya ucheshi na ufundi wa lugha, ili hata asiyetazama aifurahie.

Mabadiliko yaliletwa na watazamaji wenyewe. Katika miaka ya 1990, Alan Sepinwall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa akiandika juu ya tamthilia ya polisi iitwayo NYPD Blue, sehemu baada ya sehemu, na kuyatuma maandishi yake Usenet, uwanja wa majadiliano wa intaneti ya wakati huo. Mwaka 1996 gazeti la The Star-Ledger la New Jersey likamwajiri. Mwaka 1998 Tara Ariano na Sarah Bunting walianzisha tovuti juu ya tamthilia moja ya vijana, nayo ikakua hadi kuwa Television Without Pity, ambamo sehemu nzima ilisimuliwa tukio kwa tukio, kwa maelfu ya maneno, na mtunzi aliyejisahau akakaripiwa waziwazi. Gazeti halikuwa na nafasi ya namna hiyo. Zaidi ya nafasi, msomaji wa tovuti alikuwa amekwisha kutazama, kwa hiyo hakuhitaji tena kushauriwa atazame nini, bali alitaka mtu wa kufikiri naye.

Tarehe 10 Juni 2007 ilionyesha thamani ya uhakiki huo. Katika dakika za mwisho za sehemu ya mwisho ya tamthilia ya The Sopranos, Tony Soprano, kiongozi wa genge la mafia, ameketi mgahawani na familia yake, mlango unafunguliwa, anainua macho, na ghafla skrini inakuwa nyeusi, kimya, hivi kwamba watazamaji wengi walidhani matangazo yamekatika. (Gazeti ambalo Tony huliokota nje ya nyumba yake akiwa na joho la kulalia ni hilohilo The Star-Ledger.) Sepinwall alimhoji mtunzi, David Chase, naye akakataa kueleza maana ya giza lile. Aya mbili za gazeti zisingetosha kitu. Wahakiki na wasomaji waliichambua picha kwa picha, na mjadala ukadumu miaka.

Kisha tarehe 1 Februari 2013 Netflix, huduma ya kutazama filamu na tamthilia kwa intaneti, ikatoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa tamthilia yake House of Cards kwa mkupuo. Wasomaji wakatawanyika: mmoja yuko sehemu ya pili, mwingine amemaliza tangu jana, na mhakiki hajui anazungumza na nani. Wengi wakarudia kuuhakiki msimu mzima kwa pamoja. Kwangu mimi, hapo kuna hasara ya kweli, kwa sababu anayeandika juu ya sehemu ya nne bila kuijua ya tano hulazimika kukisia, kukosea mbele ya wasomaji wake na kubadili mawazo wiki inayofuata, na kumsoma mtu akibadili mawazo kwa uaminifu ni elimu ambayo hukumu ya mwisho haitoi. Disney+, huduma nyingine ya namna hiyo, ilipoanza Novemba 2019, ilitoa tamthilia ya The Mandalorian sehemu kwa sehemu, na uhakiki wa kila wiki ukapata tena mahali pa kusimama.