Sesilia hagusi mihogo yako: dhana potofu na ukweli

Nimeisikia Wundanyi na Sagalla huku Taita, Kenya, nimeisikia hadi Amani kule Usambara, Tanzania, na kila mara husemwa kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia kwa macho yake: "Huyu ndiye anayetumalizia mizizi." Anayesingiziwa ni sesilia, yule amfibia asiye na miguu, mwenye pete mwili mzima, anayefukuliwa na jembe mnapolima kando ya kijito au chini ya migomba. Akishatoka tu, hukumu imepita, na pigo la pili la jembe ni la kumkata. Siku hizi kuna hata wanaomwaga dawa ya wadudu kwenye shina la mgomba ili kumkomesha. Hapo uvumilivu wangu huisha, kwa hiyo naanza na hilo na nitakaa nalo.

Dhana: Anakula mizizi, mihogo na viazi

Hali hata kimoja kati ya hivyo. Si kwamba anaonja kidogo wakati wa kiangazi, wala si kwamba wapo wanaokula na wasiokula. Sesilia wote tunaowajua ni wala nyama.

Ukimpata aliyekwisha kufa kwa jembe, usimtupe. Mpanue kinywa kwa kijiti, kwenye mwanga wa jua. Utaona meno madogo, membamba, yamechongoka na kupinda kuelekea kooni. Meno ya namna hiyo kazi yake ni kushika kitu kinachoteleza kisirudi nyuma. Hayana pa kusagia wala makali ya kukwangua mhogo. Na kinywa chenyewe kiko chini ya pua, kimerudi nyuma kidogo, kwa sababu pua ndiyo inayosukuma udongo anapopenya.

Sasa mpasue tumbo, kama una moyo huo. Utakuta vichwa vya mchwa, kwa kuwa ni vigumu na huchelewa kumeng'enywa, vipande vya nyungunyungu, pengine na viluwiluwi vya wadudu wa udongoni. Utakuta pia udongo na vijiti vilivyooza, na hapa ndipo mabishano huanza: "Si hiyo mizizi?" Hata wataalamu waliwahi kujiuliza kama mnyama huyu hula takataka za udongoni. Sesilia wa Usambara Mashariki, Boulengerula boulengeri, alichunguzwa tumbo kwa tumbo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004: chakula chake kikubwa ni mchwa na nyungunyungu. Nyungunyungu naye hutembea tumbo limejaa udongo na majani yaliyooza. Ukimmeza yeye, umemeza na vilivyomo. Mahesabu ni mepesi hivyo.

Mama mmoja wa Sagalla, mkulima wa siku nyingi, alinibana vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. "Mwanangu, kama hali mizizi, mbona namkuta palepale mizizi ilipoliwa?" Nikamwomba anionyeshe huo mhogo. Ulikuwa na michubuko mipana iliyokwenda sambamba, miwili miwili, na pembeni shimo ambalo ngumi ingeingia. "Mama, hilo ni fuko." Akanyamaza, kisha akacheka, kwa sababu fuko anamjua tangu utotoni. Alichokuwa hajakiunganisha ni kwamba mhogo uliotafunwa na fuko huoza, na penye kuoza huja mchwa na nyungunyungu, na hao nao humvuta sesilia. Kumlaumu sesilia kwa mhogo uliooza ni kama kumpiga paka uliyemkuta ghalani penye panya.

Kwenye viazi vitamu, vitundu vidogo vidogo vyenye unga mweusi ndani ni kazi ya fukusi. Kwenye migomba, shina lililotobolewa njia kama bomba ni kazi ya funza wa fukusi wa migomba. Mizizi yenye mafundo ni minyoo fundo. Hawa wote wanaacha alama, na alama hazifanani. Kagua alama kwanza kabla ya kutafuta wa kumwua.

Na ile dawa? Ngozi ya sesilia ni laini, mbichi, haina ganda la kuzuia kitu. Maji hupita, na sumu hupita nayo. Unaua yeye, unaua nyungunyungu wanaokulegezea udongo, na fukusi aliyeko ndani ya shina umemwacha salama. Umelipa pesa kujiharibia shamba.

Niseme na upande wa pili, maana wapo wenzangu wa uhifadhi wanaowaahidi wakulima kwamba sesilia atawamalizia mchwa. Sipendi ahadi hiyo. Anakula mchwa, naam, lakini kichuguu hakitaisha kwa ajili yake. Hakuna haja ya kumpa mnyama cheo cha dawa ili aachwe aishi.

Ushauri wangu nimeurudia mpaka majirani wananitania nao: limeni kwa jembe la meno pale kwenye unyevu. Jembe la kawaida hukata chochote kilichomo. La meno huchambua udongo, na mnyama hupita katikati ya meno mara nyingi akiwa mzima. Tieni samadi. Na mkaratusi usiupande kando ya kijito. Nimesema tena. Sagalla mikaratusi imekausha ardhi ambayo zamani ilikuwa na unyevu, na udongo ukikauka, nyungunyungu huondoka, na sesilia hana pa kwenda.

Dhana: Watoto humla mama yao mpaka afe

Hii angalau ina mbegu ya ukweli, na ndiyo ninayoipenda. Sesilia wa Taita, Boulengerula taitana, hutaga mayai machache ndani ya udongo na kujiviringisha kuyazunguka. Watoto wakianguliwa, ngozi ya mama hunenepa hadi kufikia mara mbili ya unene wake wa kawaida, ikajaa mafuta. Watoto wana meno ya muda, tofauti kabisa na ya wakubwa, ya kukwangulia. Humpandapanda mama na kumbandua tabaka la juu la ngozi, wakala. Yeye hutulia tu. Ngozi ikijijenga upya, wanarudi.

Jambo hili lilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2006 katika jarida la Nature, na waliochunguzwa walitoka katika milima hiyo hiyo ya Taita ambako watu huwakata kwa jembe. Katika wiki moja mama alipungua uzito kwa takriban asilimia 14. Lakini hafi. Anakonda, anamaliza ulezi, anarudi kula mchwa. Kwa hiyo ukifukua udongo ukamkuta amejikunja na vitu vyeupe au vya waridi vimemzonga, hao si minyoo wanaomshambulia. Rudishia udongo polepole, endelea kulima mstari mwingine.

Dhana: Ni nyoka wa vichwa viwili

Ana kichwa kimoja. Mwisho wa pili ni butu kwa sababu karibu hana mkia. Tundu la haja liko pale pale mwishoni. Nyoka ana magamba makavu na mkia unaoonekana, hata yule nyoka kipofu mdogo anayeng'aa mnayemkuta kwenye vichuguu. Sesilia ana pete na ute. Nyungunyungu naye ana pete na ute, lakini hana taya, meno wala uti wa mgongo. Mshike kidogo: sesilia ana nguvu ya misuli ambayo nyungunyungu hana, atakuteleza kati ya vidole kabla hujamaliza kumtazama.

Macho yake hayaonekani kwa kuwa yamefunikwa na mfupa. Badala yake ana kipapasio kidogo kila upande wa kichwa, kati ya pua na jicho, cha kunusia njia. Sesilia wa jenasi ya Scolecomorphus, wanaoishi Tanzania na Malawi, wamekwenda mbali zaidi. Jicho limeshikana na kipapasio, na kikinyooshwa, jicho hutoka nje ya fuvu pamoja nacho. Mnaotaka maajabu ya kusimulia, achaneni na vichwa viwili, simulieni hilo.

Dhana: Ukimkata vipande viwili, kila kipande huishi

Hufa. Ana uti wa mgongo, moyo na ini. Kinachotikisika baada ya kukatwa ni misuli inayokufa.

Dhana: Ana sumu kali, akikuuma humalizi siku

Ngozi yake ina tezi za sumu za kujikinga, kama chura. Nawa mikono, usijiguse macho, basi. Mwaka 2020 watafiti wa Brazili walieleza tezi zilizo karibu na meno ya sesilia wa kwao, zenye majimaji yanayofanana na sumu, na tangu hapo naletewa habari hiyo kwenye simu kama ushahidi dhidi ya sesilia wa Taita. Huyo wa Brazili ni Siphonops annulatus, mnyama wa bara jingine. Wa kwetu nimewashika kwa mikono mitupu miaka yote hii, na kazi kubwa wanayonipa ni kuteleza.

Dhana: Ni mnyama wa msituni, kwenye mashamba amepotea njia

Dhana hii siisikii kwa wakulima, naisikia kwa watu wa mjini wenye suruali za mifuko mingi. Wanapanda hadi kwenye msitu wa mlimani, wanageuza magogo asubuhi nzima, hawaoni kitu, wanaandika kwamba mnyama ni adimu. Sesilia hatafutwi kwa kugeuza magogo. Hutafutwa kwa kuchimba: pima mita moja ya mraba, chimba hadi kina cha sentimita 30, chambua udongo wote kwa mkono. Ukifanya hivyo chini ya migomba iliyotiwa samadi, kwenye bonde lenye unyevu, au pembeni mwa matete ya ng'ombe, utampata. Kiangazi hushuka chini zaidi, na hapo hata ukichimba utaambulia vumbi. Subiri mvua.

Dhana: Ni yuleyule kila mahali, akiisha hapa yuko kwingine

Kwenye ramani Dabida, yaani milima mikuu ya Taita, na Sagalla ziko jirani, na Voi iko chini ya Sagalla. Kwa mnyama asiyeweza kuvuka ardhi kavu, nyika iliyoko katikati ni sawa na bahari. Wa Dabida ni taitana, mwenye weusi wa samawati na mistari myeupe kwenye pete. Wa Sagalla ni mwingine, wa rangi ya kahawia, Boulengerula niedeni, na wataalamu hawakumpa jina hadi mwaka 2005, ingawa akina mama wa Sagalla walikuwa wakimfukua miaka yote. Hayuko mlima mwingine wowote duniani. Uluguru wana wao, uluguruensis. Changamwe, Mombasa, imempa jina changamwensis, ambaye yuko pia Shimba Hills. Msitu wa Ngaia huko Meru una spawlsi, aliyeelezwa mwaka 2011. Rwanda wana fischeri, mwembamba kupita kiasi. Ukisema "yuko kwingine", niambie ni yupi.

Dhana: Ni aina ya salamanda, lazima aishi kwenye maji

Salamanda ana miguu na mkia, na barani Afrika anaishi kaskazini tu: Morocco, Algeria, Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa porini. Jenasi ya Boulengerula haihitaji bwawa hata kwa kuzaa; mtoto hutoka kwenye yai akiwa tayari na umbo la mzazi, ndani ya udongo ule ule. Mkimtia kwenye ndoo ya maji "asikauke" mnamzamisha. Mtieni kwenye udongo wenye unyevu, funikeni na majani, kisha mrudisheni pale pale mlipomtoa.