"Si ni mmea wa jangwani? Chumvi utaivumilia tu"

Haipiti wiki bila kuletewa shubiri iliyokunjamana, mdomo wa chungu umezungukwa na ukoko mweupe. Nikiuliza inanyweshwa maji gani, jibu ni lile lile: ya kisima, yana chumvi kidogo, lakini si ni mmea wa jangwani?

Jangwani kuna ukame. Chumvi ni habari nyingine kabisa. Sakulenti nyingi, yaani mimea minene kama shubiri na dungusi, zimejaliwa mbinu za kubana maji: zinayaweka akiba kwenye majani au shina, zinafunga stomata (vitundu vidogo vya kupumulia) mchana na kuzifungua usiku. Hakuna hata moja kati ya mbinu hizo inayozuia sodiamu na kloridi, ambazo ndizo chumvi yenyewe. Mzizi huvuta maji kwa kuwa utomvu wake ni mzito kuliko maji ya udongoni. Chumvi ikirundikana udongoni, mvuto huo unapungua, na mmea unashikwa na kiu huku umekaa kwenye unyevu. Mwenyewe anaona majani yamesinyaa, anaongeza maji yale yale. Baadaye chumvi inaingia ndani, ncha za majani ya zamani zinaungua, ukuaji unadumaa, na mizizi iliyochoka inaoza. Kisha naambiwa mmea "umekufa ghafla". Ghafla wapi, na umelalamika miezi sita?

Hata dungusi, pamoja na sifa zote za ugumu, mizizi yake hudumaa mapema chumvi inapopanda. Zipo sakulenti zinazoipenda chumvi, sikatai. Salicornia na Sesuvium portulacastrum huota pwani, na Mesembryanthemum crystallinum huitenga chumvi kwenye vifuko vidogo juu ya majani, vinavyometa kama barafu. Watu wanaziona hizo halafu wanadhani ukoo wote ni mmoja. Echeveria yako, ile sakulenti ya vyungu yenye majani yaliyopangika kama ua, haimo humo.

Dhana ya pili inanikera karibu sawa na hiyo: kwamba kama maji yana chumvi, basi mwagilia kidogo kidogo. Hapo ndipo unapoua. Maji hupaa, chumvi hubaki. Maji yenye EC (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, nacho hupanda) ya 2 dS/m, yaani desisimensi kwa mita, yana takriban gramu 1.3 za chumvi kwa lita. Nusu lita kwa wiki bila tone kutoka chini, mwaka ukiisha umeweka gramu 33 hivi ndani ya chungu kimoja, yaani zaidi ya vijiko vitano vya chai. Wewe ungeweka vijiko hivyo kwa mkono wako? Mwagilia mara chache, lakini kwa wingi, mpaka maji yachuruzike tunduni, kisha mwaga yaliyo kwenye sahani. Chungu kisicho na tundu mimi sikishughulikii.

Kuchemsha maji? Kunaongeza ukali wa chumvi, kwa kuwa kinachopaa ni maji. Kuyalaza usiku kucha huondoa klorini, ile dawa ya kusafishia maji. Kloridi haiendi popote. Chujio la mkaa nalo huiachia chumvi ipite. Jasi husaidia udongo wa mfinyanzi ulioshikwa na sodiamu, tena kukiwa na maji mazuri ya kuisukuma chini. Kwenye chungu cha mchanga na kokoto ni bure. Na anayetia chumvi ya Epsom "kuupa mmea nguvu" ajue ile nayo ni chumvi.

Ulimi pia si kipimo. Mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa maji ya umwagiliaji huanza tahadhari kwenye 0.7 dS/m, na juu ya 3 kizuizi cha kuyatumia ni kikali. Kwa sakulenti za vyungu mimi huanza kusita kwenye 1. Kinga maji ya mvua, au uyachanganye na hayo ya kisima. Kama ukoko umeshatokea, ukwangue, kisha suuza udongo polepole kwa maji safi yanayofika mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu. Mimi hupima EC ya maji mara mbili: yanayoingia juu na yanayotoka tunduni. Yanayotoka yakisoma mara mbili ya yaliyoingia, siku hiyo chungu kinasuuzwa.