Je, wajua kwa nini wanja wa bibi huweza kunasa mwanga usioonekana?

Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu (ile ya selfi ndiyo hukubali zaidi), kisha bonyeza. Kwenye skrini utaona kitaa kinamemeta rangi ya zambarau. Kitazame kwa macho yako: hakuna kitu. Huo ni mwanga wa infraredi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 940 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na jicho la binadamu hukomea 700 hivi. Silikoni ya kamera huuona, lakini nayo kwenye 1,100 hushika adabu.

Cha kuendelea mbele ya hapo kimo Lamu tangu enzi. Wanja wa manga wa asili aghalabu ni jiwe la galena lililosagwa, yaani salfidi ya risasi. (Risasi ni sumu; mtoto mimi simpaki.) Hii ni semikondakta (hupitisha umeme nusu nusu, kama ile silikoni ya kamera), na hunasa mwanga hadi karibu nanomita 3,000.

Ajabu huanza ukiifanya chembe ya nanomita chache tu, yaani nukta kwanta. Fikiria siwa na zumari. Siwa ni ndefu, sauti yake nzito. Zumari ni fupi, sauti yake nyembamba, kwa kuwa wimbi limebanwa. Elektroni nayo ni wimbi. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo elektroni inavyobanwa, na ndivyo nishati ya kuirusha juu inavyozidi; na mwanga wenye nishati zaidi ndio wenye wimbi fupi zaidi. Chembe ya nanomita 6 huanza kunasa mwanga wa karibu 1,550, ule ule unaosafirisha intaneti ndani ya nyaya za kioo. Ya nanomita 3 huanzia kwenye 900 na ushei. Dawa ni ile ile, ukubwa tu ndio umebadilika. Na elektroni ikirudi chini, chembe hutoa mwanga wake yenyewe, wenye wimbi refu kidogo kuliko ule iliomeza.

Mwanasayansi Alexei Ekimov aliona jambo hili la ukubwa kubadili mwanga mwaka 1981 ndani ya kioo chenye kloridi ya shaba, na Louis Brus akaliona 1983 kwenye chembe zinazoelea katika kimiminika. Kazi ngumu ilikuwa kuzipata zikiwa sawasawa, na hapo ndipo Moungi Bawendi alipokuja na upishi wake mwaka 1993: dawa hudungwa ghafla ndani ya kimiminika cha moto, chembe zikazaliwa kwa mpigo, halafu moto na muda vikaamua zikue kiasi gani. Watatu hao walipewa Nobeli ya kemia 2023. Lakini mwaka 2006 watafiti walikwisha kuonyesha kwamba dawa ya kale ya kutia nywele weusi, ya zama za Wagiriki na Warumi, huotesha ndani ya unywele fuwele za salfidi ya risasi za nanomita 5 hivi. Watu walikuwa wakipika bila kujua.

Kamera yenye nukta hizi ukiifungulia pale forodhani Lamu, kwenye mwanga wa nanomita 1,450, utashangaa. Maji huumeza sana mwanga huo. Bahari itakuwa nyeusi tititi, na chupa ya maji safi iliyowekwa barazani itaonekana kama imejaa wino.