Mgomo wa Delano haukuanzishwa na Chavez

Wengi wanaomjua César Chavez, mtetezi wa vibarua wa mashambani Marekani, huamini ndiye aliyeanzisha mgomo wa zabibu wa Delano, California. Sivyo.

Waliotangulia kuweka zana chini, tarehe 8 Septemba 1965, walikuwa Wafilipino, wengi wao wanaume wenye umri mkubwa. Walidai dola 1.40 kwa saa. Kiongozi wao, Larry Itliong wa chama cha wafanyakazi wa mashambani cha AWOC, aliujua vizuri mchezo wa wenye mashamba: Wafilipino wakigoma huletwa Wameksiko kuvunja mgomo, na Wameksiko wakigoma huletwa Wafilipino. Akamwendea Chavez.

Chavez alisita, na alikuwa na sababu. Chama chake, NFWA, alichokianzisha na Dolores Huerta mwaka 1962, kilikuwa bado kichanga. Kilijengwa polepole, kwa vikao vya sebuleni, nyumba hadi nyumba, na wanachama walipata bima ya mazishi na mikopo midogo kabla hata ya kufikiria mgomo. Kazi hiyo isiyopigwa picha ndiyo, kwa maoni yangu, sifa yake kubwa. Tarehe 16 Septemba wanachama walikutana katika ukumbi wa kanisa wakakubali kujiunga.

Vyama hivyo viwili viliungana mwaka 1966. Mikataba na wakulima wakubwa wa Delano ilitiwa saini Julai 1970, baada ya wanunuzi wengi kuzisusia zabibu. Heshima ya Itliong ilichelewa zaidi: sheria ya kuifanya 25 Oktoba siku ya kumkumbuka huko California ilipitishwa mwaka 2015.