Dawa zako za CTC (kliniki ya VVU) si za paka: maswali ninayoulizwa Mtwara

Korosho zikishajaa ghalani, kila mtu anamtaka paka kwa ajili ya panya. Hapo ndipo naletewa paka wagonjwa, wengine wakiwa wameshalishwa vidonge vya watu.

UKIMWI wa paka ni nini?
Ni ugonjwa wa virusi viitwavyo FIV, vilivyogunduliwa California mwaka 1986. Vina undugu na VVU, lakini haviambukizi mtu. Huenea hasa kwa kung'atana, kwa hiyo wanaoupata zaidi ni madume wasiohasiwa, paka shume wa kupigana usiku kucha.

Naweza kumpa dawa zangu za VVU?
Hapana. Nusu kidonge, hapana. Robo, hapana. Unga wake kwenye mchuzi wa dagaa, hapana vilevile.

Mama mmoja wa Mikindani alinijia na kopo lake la dawa. Alikuwa akimkatia paka kwa kisu cha jikoni, na vidonge vilikuwa vinakaribia kuisha kabla ya tarehe yake ya kliniki. Nikamwuliza, "Mama, sasa wewe utameza nini?" Akainama, akaanza kukunja ncha ya kanga. Kidonge kile kina dawa tatu ndani yake, na kimepimwa kwa mtu wa kuanzia kilo 30. Paka wake hakufika kilo 4. Na wewe ukiruka dozi, virusi vyako ndivyo vinavyopata mwanya wa kuwa sugu. Mnaumia wawili.

Mbona nasikia kuna paka wanaotibiwa kwa AZT, dawa mojawapo ya VVU?
Wapo. Haiwaponyi, ila huweza kupunguza vidonda vya kinywani. Paka wa kilo 4 huandikiwa miligramu 20 hadi 40 kwa mara moja, asubuhi na jioni. Kidonge cha mtu mzima kina 300. Hiyo robo yako ni 75! Tena dawa hii humpunguzia paka damu, kwa hiyo hupimwa damu kabla ya kuanza na mara kwa mara wiki za mwanzo. Mwenye upungufu wa damu tayari hapewi. Kisu cha jikoni hakipimi damu. Narudia: usimpe.

Basi parasetamoli tu, ya homa?
Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wetu, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Fizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba, anahema kwa shida. Ukishampa, usisubiri kuche. Mlete saa hiyohiyo, na pakiti ya dawa uje nayo.

Nitajuaje kama anao?
Kwa kipimo cha damu. Wengi hukaa miaka bila dalili yoyote. Mtoto wa paka chini ya miezi 6 akionekana anao, arudiwe kupimwa baadaye, maana huenda ni kinga ya mama yake tu inayoonekana. Kwa hiyo acheni kuwatia kwenye viroba na kwenda kuwatupa.

Sasa nimfanyie nini?
Mhasi, alale ndani, asile samaki wala nyama mbichi. Aking'atwa leo, mlete kesho asubuhi. Msinisubirishe mpaka jipu linuke, halafu mnaniambia mlishalipaka salfa ya mikorosho.