Musifute folda yote ya Maven (.m2), someni kwanza ule mstari mwekundu

Juzi kijana mmoja wa hapa Nyawera, Bukavu, anayeandika programu za Java, kanipigia saa mbili usiku: "Mkubwa, projeti imekataa kubildi, nimeshafuta .m2 yote na bado." Nikamuuliza umefuta juu ya nini, akasema njo vile wote wanafanyaga. Mwezi huu ni mara ya tatu napewa jibu hilo hilo na limenichosha kabisa.

Maven, chombo cha kubildi projeti za Java, inaweka kila ilichoshusha ndani ya ~/.m2/repository kwenye mashine yako ili kesho isirudi Maven Central, ghala ya maktaba iliyoko mtandaoni. Ukifuta unalipa mega upya, na si za maktaba zako tu, hata projeti tupu isiyo na tegemezi hata moja inashusha kwanza plagini, yaani vipande vya Maven vya kukompaili na vya testi, na kila plagini inakuja na ukoo wake. Forfe yake ya mega za wiki iliishia pale, kabla hata mstari mmoja wa kodi ya programu yake haujaguswa.

Sasa tuangalie kosa lenyewe. Mwenzake wa kazi aliweka jar yao (faili la maktaba ya Java) kwenye seva ya kazini saa kumi, yeye alikuwa amebildi saa tisa. Maven ikatafuta, haikukuta kitu, ikaandika ndani ya folda ya hiyo maktaba kafaili kadogo kanakoishia na .lastUpdated, na toka hapo inakaamini hako kafaili, haiulizi seva tena mpaka muda upite, kwa kawaida siku moja, au uilazimishe. Na ilimwambia hivyo hivyo kwenye skrini! Neno kwa neno, chini ya ERROR, ila yeye aliona rangi nyekundu akakimbilia rm -rf, amri ya kufuta kila kitu. Dawa ilikuwa amri ya mvn -U package. Herufi moja tu, hiyo -U ya kuilazimisha iulize seva tena, au ufute folda ya hiyo maktaba peke yake.

Koneksio ikikatika katikati ni habari nyingine, tafadhali musichanganye. Pale ujumbe unasema imeshindwa kufikia seva au muda umeisha, wewe rudia amri ile ile, zilizokwisha kushuka haishushi tena. Ukiona inalalamika haiwezi kufungua jar kama zip, hiyo jar imeharibika, futa hiyo moja. Na projeti za zamani zenye http kwenye pom (faili la maelezo ya projeti) zinapigwa kosa la 501 juu Maven Central inapokea HTTPS tu toka Januari 2020, hapo ufute usifute ni bure, badilisha anwani.

Wengine wananiuliza kuhusu mvn dependency:go-offline, ili kuranti na mtandao vikienda waendelee kazi. Mimi siiamini sana. Inashusha mingi lakini si yote, mfano Surefire, plagini ya testi, inachagua kipande cha kuendeshea JUnit (maktaba ya testi) wakati testi zinaanza, kwa hiyo unaweza kufika nyumbani Kadutu ukapiga mvn -o test (-o ni bila mtandao) ikakuambia kuna kitu kinakosekana. Mimi nikiwa bado na mtandao nabildi mzima mzima, testi zote, halafu narudia na -o pale pale kabla sijafunga mashine. Hata hivyo imeshanigeuka, nilipobadilisha profaili ikataka plagini ambayo sikuwa nimeigusa.

Lakini kwa nini yule kijana alifuta na bado ikakataa? Juu ~/.m2 haina repository peke yake. Mna settings.xml pia, faili la mipangilio, na ndani yake mlikuwa anwani ya seva yao na neno la siri. Yeye alifuta folda yote ya juu. Tuliiandika upya kwa simu, mstari kwa mstari, mimi nasoma yeye anapiga, mpaka karibu saa tano. Kulikuwa pia na jar ya mashine ya risiti aliyopewa kwenye flashi mwaka jana, akaiingiza kwa mkono na amri ya Maven install:install-file, flashi akarudisha. Hiyo haiko Maven Central, haiko kwenye seva yao, ilikuwa kwenye .m2 yake tu, na mpaka leo anaitafuta.